Flashi ya Kabula na dari ya zambarau

Alhamisi. Mawingu yametanda upande wa ziwa tangu asubuhi, mvua imegoma, na hapa Igogo joto linabana kifua. Au ni mimi tu.

Keshokutwa ni sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ya Kabula, mtoto wa kaka yangu Masanja. Mpiga picha ni mimi, shangazi yake. Wengi mnanijua kwa picha za ubatizo na kipaimara, na zile za pasipoti hapa barazani. Kazi hii sikuisomea. Nimejifunza kwa kuharibu.

Kabula ana ualbino, na macho yake hayapatani na mwanga mkali. Tangu utoto, kwenye picha ama amefumba macho, ama uso umeungua kwa mwanga hadi pua na mdomo vinapotea, kama karatasi isiyoandikwa. Kijiflashi kilichomo kwenye kamera yangu ndicho kibaya zaidi, kinampiga usoni moja kwa moja. Siku ya kuvishwa pete alinitania mbele ya wakwe: "Shangazi, wewe unapiga picha au unachomelea mageti?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Kisha nikamwona anajifuta machozi kwa kiganja, na hayakuwa ya kicheko.

Baadaye aliniomba jambo moja tu. Anataka picha ambayo macho yake yako wazi, aje kuwaonyesha wanawe.

Ndiyo maana nikaanza kutafuta flashi ya nje, ile inayochomekwa juu ya kamera. Mungu anisamehe, rozari yangu siku hizo ilikuwa ya flashi.

Mzee wa Kihindi mwenye duka la kamera mjini alinitolea mbili. Moja kubwa, mpya, mwanga kama radi, ila kichwa chake hakigeuki. Nyingine ndogo, imetumika, nguvu si nyingi, lakini kichwa kinainuka na kuzunguka. Alinishauri kubwa, akasema wapiga picha wa harusi wote wanaikimbilia, inamulika mpaka meza ya mwisho. Nikamweleza habari za Kabula. Akaichukua ile ndogo, akaelekeza kichwa chake kwenye dari nyeupe ya duka, akanipiga mimi. Mwanga ulinishukia taratibu kutoka juu, hata sikupepesa.

Nikachukua hiyo. Nilitoka pale natembea kama mtu aliyepewa cheo.

Leo nimekwenda Kisesa kuijaribu kwenye ukumbi wa sendofu.

Dari haionekani. Wapambaji wameifunika yote kwa vitambaa vya zambarau, na kuta nazo mpaka chini. Nikaelekeza flashi juu, nikampiga dada mmoja wa wapambaji. Akatoka wa zambarau: uso, meno, mpaka fulana yake nyeupe. Nikamwonyesha. "Mama, mbona kama nimekufa?" akaniuliza.

Sherehe zote hizi nilizopiga, na kule dukani haikunijia hata kidogo kwamba kumbi zetu siku ya sherehe hazina dari. Zina vitambaa.

Nikaiwaza ngozi ya Kabula chini ya mwanga ule. Itainywa rangi yote.

Kaka ndiye mwenyekiti wa kamati, naye alikuwepo. Nikamwomba wafungue walau kipande cha katikati. Akasema zambarau ilipitishwa na kikao, sare za kina mama zimeshashonwa, hawezi kurudisha watu nyuma kwa ajili ya picha. Mwanga ni mwanga, akasema, wewe piga tu.

Kaka si mtu mbaya. Alimlea binti yake kwa hofu, miaka ile watoto kama yeye walipokuwa wakiwindwa, na sisi wa kanda hii hatuhitaji kuelezana. Zamani mpiga picha akifika nyumbani, Kabula aliambiwa aingie ndani. Hata sasa binti akipigwa picha, baba hutafuta shughuli ya kufanya nje.

Tukaenda nyumbani kwake. Nilikaa sebuleni nimeishiwa kabisa. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, ulining'inia mwavuli wa Kabula. Mweupe, nje na ndani.

Niliuona, nikatamani nisingeuona.

Jumapili iliyopita Kabula aliniambia kwamba siku ya sendofu mwavuli utabaki nyumbani. Ameushika tangu darasa la kwanza, jua liwepo lisiwepo. Watu wakimwona kwa mbali wanautambua mwavuli kabla yake. Safari hii anataka kuingia mikono mitupu. Halafu mimi ndiye nimwambie uje?

Nimemwambia. Nimeeleza huku najikanyaga, kwamba hautaonekana kwenye picha, utakuwa nyuma yangu, flashi itaelekea ndani yake na mwanga umrudie ukiwa mpole. Akaenda kuutoa mwenyewe kwenye msumari, akaufungua katikati ya sebule, akampa mama yake aushike. Nikapiga moja.

Aliitazama kwenye kioo cha kamera muda mrefu. Akaikuza mpaka yakabaki macho tu. Yako wazi. Ya kijivu yenye ukahawia kwa mbali, rangi ambayo hata mimi shangazi yake sijawahi kuiona kwenye picha.

"Sawa, uje," akasema. "Ila siku hiyo aushike baba."

Kaka alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Akasema mwenyekiti mzima hawezi kusimama na suti ameshika mwavuli ndani ya ukumbi, wakwe watasema nini. Akatoka, eti anakwenda kuangalia jenereta.

Mama yake anaweza kuushika. Hata kiti na kamba vinaweza. Kabula analijua hilo.

Nimerudi Igogo na mawazo mengi kuliko niliyoondoka nayo. Flashi ni ndogo, na mwanga ukigonga mwavuli na kurudi unapungua. Anayeushika lazima awe karibu, asiondoke ondoke. Nilichagua vizuri kweli? Betri ziko kwenye chaji. Rozari nimeiweka juu yake.

Jumamosi Kabula akiingia, mimi nitakuwa nimemwelekea, na nyuma ya bega langu la kushoto patakuwa na nafasi ya mtu mmoja. Kabla sijabonyeza nitageuza shingo.

Ee Mungu, nimkute.