Vyeti Ndani ya Taulo

Mama, na wewe Dada unayecheka ukisoma,

Nimetangulia kituoni kuwashikia viti kwenye basi la saa moja. Chai iko kwenye chupa. Fungeni dirisha la jikoni.

Sasa niambieni. Asubuhi nilitafuta mwavuli kwenye mkoba wa safari, nikakuta vyeti vyangu vya shule vimefichwa ndani ya taulo. Siku hizi mnara wa jiji unapandwa kwa vyeti? Nikasoma ratiba ya Dada: makumbusho dakika ishirini, mnara dakika kumi, "kupumzika ofisini kwa Mjomba" masaa mawili mazima! Na shati langu jeupe limepigwa pasi. "La kupigia picha," Mama ukasema, bila kuniangalia usoni. Hayo si matembezi, ni usaili wa kazi.

~~Siendi.~~ Nakwenda, maana huo mnara nautaka kweli.

Ila vyeti nimevifungia kabatini na ufunguo ninao. Mahali pake nimeweka daftari langu la mashairi. Mjomba akiuliza najua kufanya nini, nitamsomea beti zote mia mbili, nanyi mtakaa mpaka ubeti wa mwisho.

Mwavuli msiusahau.

Kitinda mimba wenu, ambaye si mtoto tena