Jibu Fupi kwenye Mwinuko wa Kwai

Mjukuu wangu Upendo,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Lushoto tu wazima. Bibi yako anavuna viazi, nami namsimamia nikiwa nimekaa.

Unauliza kama uzamili wa teolojia humsaidia mchungaji akiwa kando ya mgonjwa. Mimi nilipokuwa nausomea, nilitumwa Kwai kwa mazoezi, nikamtembelea mzee Hoza. Alikuwa hoi, na alitaka apatane na mdogo wake wa Mlola kabla hajafa. Nikamweleza msamaha kwa mapana na marefu, pamoja na wataalamu wanaopingana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, nimeelewa. Sasa nenda kamwite."

Niliona haya, nikaenda. Mdogo wake alikubali kuja, lakini tulipokuwa kwenye mwinuko wa mwisho akasimama.

"Mchungaji, nikimwambia nimemsamehe na moyo bado unauma, nitakuwa nimedanganya?"

Swali hilo lilikuwa sura nzima ya tasnifu yangu, kurasa arobaini. Bahati nzuri pumzi zilikuwa zimeniishia.

"Hapana," nikasema. "Mtu huanza kusamehe angali anaumia."

Akaniangalia, akatangulia. Tulipofika, mzee Hoza alijivuta taratibu akampisha mdogo wake nafasi kitandani.

Kwa hiyo maliza tasnifu yako, mama. Bila zile kurasa nisingekuwa na jibu. Na bila ule mlima, ningemsomea zote.

Babu yako