Usaili wangu mbele ya wakili wa baba mdogo

Annick, sha, mwenzangu, acha unachofanya usome hii.

Natoka kwenye usaili wa ile shule ya sheria. Nimefanya vizuri sana, utajivunia rafiki yako.

Unakumbuka uliniambia kwenye barua ya maombi niandike ukweli? Nikaandika. Kwamba baba alipofariki, baba mdogo Rutayisire alichukua shamba letu la Ndera, na mimi nataka kuwa wakili nimrudishie mama. Jina lake nikaliweka lote, hakuna herufi iliyokosekana.

Mezani walikuwa watatu. Yule wa katikati akaisoma barua kwa sauti. Alipofika kwenye jina akavua miwani.

"Huyu Rutayisire ni mteja wangu."

Mteja wake, Annick. Ndiye wakili anayetusumbua mahakamani mwaka wa pili sasa, ila huko huenda mama, mimi sura yake sikuijua.

Akasema, "Basi sheria hainiruhusu kukusaili." Akachukua koti, akatoka. Ana adabu kweli, Mungu ambariki.

Nikabaki na mama mmoja anaitwa Winifred, na karani wake. Kwa aibu nikauliza swali pekee nililokuwa nimekariri: wanaomaliza hapa wanapata kazi gani?

Mama Winifred akatazama mlango. "Huyo aliyetoka alisoma hapa. Kesi ya ardhi hajawahi kushindwa."

Matumaini ya kazi ndiyo hayo, tena nimeyaona kwa macho.

Halafu akanisogezea fomu. "Umepita. Sheria ya ardhi anafundisha yeye. Kaa kiti cha mbele, uandike kila anachosema."

Nimesaini. Mama yangu bado hajui.