Juu ya Jicho Lake

Jumanne, 4 Machi
Mke wangu amekufa. Jumamosi asubuhi, hospitali. Jana tumemzika.
Daftari hili ni lake, la maua. Kurasa nyingi bado nyeupe. Kulitupa sitaki. Basi naandika mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Wageni wameondoka. Binti yangu kabaki mpaka kesho. Kanikuta nanyoa ndevu, nimeinama kama naokota sabuni. Kile kioo nilikipigilia usawa wa macho ya mama yake, mwaka tuliooana. Alikuwa mfupi, ananifika kifuani. Miaka ishirini na sita nanyoa nimeinama. Binti kasema, "Baba, sasa si ukipandishe." Nikasema misumari imeisha. "Baba, wewe si kibarua wa ujenzi?" Nikasema ndiyo maana imeisha.

Jumatano, 12 Machi
Mvua. Msingi wa jengo umejaa maji, vyura wanaogelea. Msimamizi katurudisha nyumbani mpaka atakapotuita.
Jioni kaja Bi Mkasi, mwenyekiti wa kikundi cha maua. Alikuwa shoga wa marehemu. Kanipa pole, halafu kanipa habari. Mwaridi wa marehemu, ule unaopanda ukuta wa nje, uko kwenye eneo la kikundi. Tarehe tano Mei wakaguzi wanapita. Usipokuwa na ua hata moja lililofunguka, eneo anapewa anayefuata kwenye orodha. Anayefuata ni Mwalimu, jirani yangu, mstaafu. Nikauliza atapanda nini.
"Maboga, shemeji. Anasema boga nalo lina ua."
Na mwaridi je? Kaangalia mabuti yake. Unang'olewa.
Maboga!

Jumapili, 16 Machi
Nimesoma daftari. Ukurasa wa Machi kaandika: Kata juu ya jicho. Jicho litazame nje.
Sawa. Lakini jicho la nani? Langu? Hapana – daftari lake, jicho lake. Na urefu wa jicho lake ninao, upo kwenye kioo.
Nikachukua mpira wa maji, ule wa kazini wa kuhamishia usawa. Ncha moja kwenye kioo, ya pili nikaipitisha dirishani mpaka ukutani. Maji hayakosei. Nikapiga alama, nikavuta uzi. Nikasimama mgongo ukutani, macho njiani – jicho litazame nje. Nikakata kila kilichozidi uzi. Matawi thelathini na moja. Mengine yalishafika kwenye bati. Kukata kitu umekipa mgongo ni shida. Nimechomwa mpaka mahali pa kukalia.
Halafu nikafunika na magunia yaliyoloa, kama tunavyofunika zege jipya. Siku saba.
Kazi safi.

Jumatatu, 24 Machi
Bi Mkasi kaja, kaondoa gunia moja. Kaondoa la pili.
"Shemeji, huu ni mti au lenta ya nyumba?"
Nikamwonyesha ukurasa. Nikamweleza: kioo, mpira, uzi. Kakaa kwenye toroli. Kacheka mpaka toroli likapinduka naye. Akiwa huko huko chini kaniambia jicho ni kile kinundu kwenye tawi, chipukizi linapotokea.
Sasa mtu atajuaje? Kinundu si kiitwe kinundu.
Halafu kicheko kikamgeukia. Kaanza kulia, pale pale kwenye matope. "Kimo chake kabisa," kasema. Kainuka, kapitisha mkono juu ya matawi yote, kama anayempapasa mtu kichwani.
Mimi nikainua toroli.

Jumanne, 25 Machi
Nimekagua tawi moja moja, nimevaa miwani ya marehemu. Tisa yalikatika juu ya kinundu, bahati tu. Mengine nimeyashusha, hili kidole, lile nusu kidole. Usawa umepinda kidogo. Roho imeniuma.
Mwalimu kapita anahesabu hatua kando ya ukuta. "Jirani, hapa jua linafika saa ngapi?"
Nikamwambia halifiki.

Alhamisi, 10 Aprili
Macho yametoka. Mekundu. Yanatazama nje.

Jumatano, 30 Aprili
Vitumba kumi na vinne. Vyote mstari mmoja, kama matofali. Hakuna hata kimoja kilichofunguka. Nimevisemesha. Nimevitukana kidogo, kama kazini, maana kazini inasaidia. Mwalimu kasikia. Kauliza kama nina mgeni.
Kapanga miche ya maboga dirishani kwake, kumi na miwili. Ikiguswa na upepo utadhani inanipungia mkono.

Jumapili, 4 Mei
Msimamizi kapiga simu. Maji yamekauka, kesho saa moja asubuhi kazini, asiyefika nafasi yake inajazwa. Wakaguzi nao kesho, saa nne. Nikamwomba nusu siku. Kauliza ya nini. Nikasema maua. Nikasikia anawaambia wenzake. Wakacheka mpaka simu ikakwaruza. Basi kesho naitwa Waridi, mpaka nizeeke. Nusu siku kakataa.
Bi Mkasi kasema atasimama yeye pale mtini. "Nenda kazini, shemeji. Nikiona boga linasogea nalikanyaga."
Nimetoka tena kuangalia. Vitumba viwili vimeonyesha rangi. Vimefumba bado. Jua likitoka mapema, labda. Mawingu yapo.
Jambo lingine. Bi Mkasi kasema wakaguzi wote ni watu warefu. Watapita wakitazama juu ukutani, huko hakuna kitu, wataandika hakuna. Nimechukua kipande cha ubao wa zege, nimeandika kwa chokaa: INAMENI. Nimekipigilia juu ya mstari.
Misumari ilikuwepo.
Mwalimu katoka nje, kasoma ubao. Kasimama kidogo. Halafu kainama, katazama kitumba kimoja, mikono kaiweka nyuma. Karudi ndani kwa maboga yake.
Nimenyoa ndevu. Nimeinama. Kesho narudi kazini.