Betri Mpya Nimezibeba

Baba Awiti,

Omena iko kwenye sufuria nyeusi, ugali umefunikwa. Paka asikudanganye, ameshakula.

Betri mpya za redio nimezibeba. Asubuhi nilipoingia uliizima haraka, ukasema ilikuwa bei ya pamba tu. Tangu lini bei ya pamba ikamfanya mtu mzima amwage chai? Kultum wa dukani pia ana redio, na amenisimulia yote: wamepigana tena Burundi, karibu na mpaka. Anayeenda kuuguza wakimbizi kule Ngara ni mimi. Ukinificha habari, nitajuaje pa kukimbilia? Padri anayetupeleka amepiga simu: tutangoja Mwanza mpaka barabara itulie. Kila jioni nitasikiliza mwenyewe, kwa redio ya padri.

~~Nitarudi kabla ya Krismasi.~~ Nitarudi nesi mwingine akipatikana.

Betri kuukuu nimezianika juu ya mabati. Zianue kabla ya mvua. Zikipata nguvu kidogo, sikiliza taarifa ya habari, lakini matangazo ya vifo yakianza, zima. Awiti akiuliza kwa nini, mwambie ni bei ya pamba.

Mama Awiti