Siku Vivuli Vyetu Vilipojificha

Mjukuu wangu Tumaini,

Nakusalimu kutoka Ilula. Ng'ombe kazaa, babu yako bado mbishi. Umeniuliza kutoka huko Uyole kama kweli jua linahama. Nikiwa binti, mimi niliuliza kwa ugomvi.

Mwezi wa sita niliegesha mkeka upande wa kaskazini wa meza yangu ya nyanya, zisipigwe na jua la mchana. Kufika Desemba, nyanya zikaiva mpaka zikapasuka. Jua linatokea kusini! Nikamvaa jirani yangu: "Mama Neema, umegeuza meza yangu!"

Akacheka. "Na mlima ule mbele ya meza, dada, nao nimeugeuza mimi?"

Nikaacha kumsalimia. Nikasimika mti wa shibiri tano, nikapima kivuli cha saa sita na nusu mwaka mzima. Desemba kililala kaskazini shibiri moja na nusu. Mwisho wa Februari kikapotea. Juni kikalala kusini, shibiri tatu! Oktoba kikapotea tena. Mwalimu aliyekuja kununua nyanya akanieleza kwamba dunia imeinama, na inalizunguka jua ikiwa imeinama hivyohivyo, ndiyo maana jua huonekana kuhama kaskazini na kusini. Katika madarasa manne niliyosoma nani aliniambia?

Kivuli kikiwa bado kimepotea, nikamwita Mama Neema, nikamwomba radhi. Tukarukaruka tukitafuta vivuli vyetu, kumbe vimejificha chini ya nyayo. Tangu hapo tunaruka kila Oktoba.

Nawe simika mti. Oktoba, kivuli kikipotea huku, nitakupigia simu. Hesabu siku tatu hivi, kwako pia kitapotea. Uruke na kwa niaba ya Mama Neema, maana siku hizi magoti yake yananuna kuliko nilivyonuna mimi.

Bibi yako