Ndoo Isiyokorogwa

Marahaba, Zuhura mjukuu wangu. Nimesoma ulivyoniandikia kuhusu kifaa chako kinachotoa namba za kubahatisha. Wengi wakiona namba zinatoka bila mpangilio hukiamini kifaa kilichozitoa, na hapo ndipo wanapokosea. Bibi yako hajambo, anaanika dagaa.

Miaka ile wakimbizi walipofika hapa Katonga, kando ya ziwa, nikiwa mwalimu, niligawa maturubai machache kwa kura ya majina ndani ya ndoo. Majina yalitoka bila mpangilio, nikaridhika. Mvua ilitishia. Mama mmoja aliyevuka ziwa na watoto wanne akanishika mkono: "Mwalimu, wanaopata wote wamefika jana. Ndoo hujaikoroga! Kwako mnasonga ugali hivi?"

Watu wakacheka. Nikachungulia, kweli, majina ya waliofika jana yalikuwa juu. Akakoroga mwenyewe mbele ya wote. Akapata turubai, na waliokosa hawakunung'unika.

Leo mwombe aliyetengeneza kifaa chako akuonyeshe namba zinavyozaliwa ndani yake, kabla hazijachujwa, maana mchujo unaweza kuzifanya zionekane zimekorogwa kumbe hazijakorogwa.